Mkwe Ndani ya Sanduku

Nyumba ya Bibi Sekela ilikuwa na marehemu wawili, na wote wawili walikuwa wanaongea. Hilo halikumshangaza mtu. Miaka ile kila nyumba ya kule Rungwe ilikuwa na marehemu wake wanaoongea, na wengine walikuwa wasemaji kuliko walivyokuwa hai. Kilichomtia Sekela baridi ya mgongo ni kwamba mmoja wao alikuwa ameanza kunyamaza.

"Bibi, mama ameondoka tena," alisema mjukuu wake Tumpe, amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma na daftari la shule mkononi.

"Aondoke aende wapi? Ana miguu?"

"Nilikuwa namsomea shairi. Ulipoanza kucheka na babu, mama akasema ngoja, halafu kimya. Ukitega sikio unasikia kama mtu amebana pumzi."

Sekela alikuwa sebuleni anamenya ndizi, beseni katikati ya miguu. Kwenye rafu iliyo juu ya kichwa chake lilikaa sanduku, la chuma, ukubwa wa debe la mafuta, na ndani yake diski mbili zikizunguka kwa mvumo wa nyuki walio mbali. Spika moja ilikuwa sebuleni na nyingine chumba cha nyuma. Kwenye spika ya sebuleni alikuwapo mumewe, Ambakisye, aliyekufa kwa kuanguka kutoka juu ya paa alilokatazwa kulipanda.

"Mtoto anasemaje?" aliuliza Ambakisye.

Sekela aliinuka, akakifunika kinasa sauti kwa kiganja kama mtu anavyofunika chungu paka asinuse. Akangoja kidogo, akafunua.

"Anasema ana njaa."

"Basi mpikie. Unakaa hapa unanichekesha, mtoto anakonda."

Ambakisye hakujua kwamba mkwe wake Atupele, mama yake Tumpe, amekufa. Yeye ndiye aliyetangulia. Atupele alifuata mwaka uliofuata, na Sekela hakuona sababu ya kumpelekea msiba mtu ambaye hawezi hata kwenda kuzika. Kila alipouliza habari za mke wa mwanawe Lusajo, aliambiwa yuko shambani. Kwa hesabu ya Ambakisye, katika mlima mzima hapajawahi kutokea mwanamke mlimaji kama yule.

Sekela aliingia chumba cha nyuma, akaiwekea shavu spika ndogo iliyokuwa juu ya kitanda cha mtoto. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Atupele. Mwanangu."

Kimya. Halafu, kwa mbali, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kabati la nguo: "Abee, mama."

"Mtoto anakutafuta."

"Mtoto gani, mama?"

Sekela alisimama pale mpaka ndizi zikaingia weusi kule sebuleni.

*

Marehemu hawa hawakuwa wa sanduku tangu mwanzo. Enzi hizo mtu akishapata kitambulisho alivishwa kidani shingoni, na kidani kile kilikunywa kila kitu: maneno yake, kikohozi chake, anavyocheka, anavyonyamaza na mbele ya nani. Akifa, kidani kilipelekwa Ghala la Sauti mjini, huko wakakichemsha miezi kadhaa, ikatoka sauti. Sauti haikuwa kanda ya kurudia maneno ya zamani. Ilijibu, ilisahau, ilinuna. Ghala lilizitunza bure, na watu wakazoea kupiga simu kuwasalimia wazazi kama wanavyopiga kuulizia bei ya mbolea.

Kisha Ghala likatangaza kwamba linafungwa, kila ukoo uje uchukue watu wake kabla masika hayajaisha. Watu walikwenda na madumu, na mifuko ya sulufeti, na mmoja alikuja na tela la ng'ombe kwa sababu alidhani mababu ni wazito. Sekela alirudi na mumewe na mkwe wake ndani ya kikapu kimoja, wamefungwa kwenye khanga pamoja na maandazi.

Aliyemtengenezea sanduku alikuwa Fundi Mwanaidi, mwanamke mfupi wa Tanga aliyeolewa huku baridini na hajasamehe mpaka leo. Siku ile alikaa na Sekela sakafuni, akampa kipande cha mkaa.

"Panga kama unavyopanga nyumba, bibi. Nani alale wapi, picha zikae wapi, hati za shamba zikae wapi."

Sekela alichora. Chumba cha mzee. Chumba cha Atupele. Chumba cha picha na hati. Na kachumba kadogo pembeni, ka yule atakayefuata, ambaye wote wawili walimjua na hakuna aliyemtaja.

"Sasa diski ni mbili," Mwanaidi akasema. "Naweza kukupa hii ya huyu na hii ya yule. Nafasi inakuwa kubwa, lakini diski ikifa, amekufa nayo. Au nafanya kioo: kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na huku. Ikifa moja, nyingine inaye. Nafasi inapungua nusu, usingizi unaongezeka."

"Kioo."

"Na kuta nisijenge. Ukijenga kuta, chumba kimoja kinajaa mpaka dari na cha pili kinabaki kinapiga mwangwi. Nawaweka wote kwenye bwawa moja, vyumba vinapanuka vyenyewe kadiri mtu anavyohitaji."

Sekela, ambaye hajawahi kutupa hata kipande cha uzi, aliliona jambo hilo ni la akili. Kwa wiki nzima aliwasimulia majirani jinsi alivyowapanga marehemu wake vizuri, wala haikumpitia akilini kwamba amekosea kitu ambacho kwao hata msichana wa miaka saba hakosei.

*

Kesho yake baada ya Atupele kumsahau mtoto, Mwanaidi alifika asubuhi, amejifunga masweta mawili; Sekela akafunika kinasa sauti cha sebuleni mzee asisikie, naye fundi akaunganisha kishikwambi chake kwenye sanduku na kukunja uso.

"Diski ni nzima," alisema. "Zote mbili. Mzee hajambo, ametulia kama gunia. Lakini huyu mama anahama."

"Anahama vipi?"

"Ametoka alipokuwa, akajiandika mahali pengine. Kesho yake akahama tena. Na tena. Tazama, hii ni njia yake." Kwenye kioo cha kishikwambi palikuwa na vidoti vyekundu vimetapakaa kama damu ya kuku aliyeponyoka mchinjaji. "Na kila akihama anadondosha kitu. Kama mtu anayehama na vyombo kichwani kwenye utelezi. Leo kijiko, kesho sufuria."

"Amedondosha nini?"

Mwanaidi alisoma kimyakimya, kisha akamtupia jicho Tumpe aliyekuwa anakunywa chai mezani. Akashusha sauti. "Siku aliyomzaa huyu. Haipo. Na jina lake linakaribia kwenda."

Sekela alivuta kigoda karibu. "Anahama wakati gani?"

"Jioni. Ukizungumza na mzee. Pia alfajiri, sanduku linapojikagua na kuwasoma wote. Mzee akisomwa tu, yeye huyo."

"Lakini ulimpa chumba chake. Niliona kwa macho yangu, mlango na jina."

"Vyumba ni majina tu, bibi. Jina la mlangoni. Ndani ya diski wamemwagwa pamoja kama makande, punje ya mahindi hapa, haragwe pale. Mashine ndiyo inajua ipi ya nani."

Sekela aliweka kikombe chini taratibu.

"Fundi. Umemlaza mkwe na baba mkwe kwenye sufuria moja."

"Ndiyo, sasa?"

"Nyinyi watu wa pwani mna raha."

Akamweleza. Kwamba kwao mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, hapiti njia aliyosimama, halitamki jina lake hata akiulizwa na polisi. Akisikia sauti yake anatoka. Mlango wa nyuma ndiyo kazi yake. Vijana wengi walishaiacha mila hiyo, lakini Atupele alilelewa na bibi yake, akaja nayo kama alivyokuja na vyombo vya ndani. Siku moja Ambakisye alirudi ghafla, mlango wa nyuma umezibwa na kuni, Atupele akatokea dirishani na unga mpaka kwenye viwiko. Aliangukia kwenye upupu. Alijikuna siku tatu na hakusema neno.

"Lakini bibi, amekufa."

"Kidani kilikunywa kila kitu, si ndivyo mlivyotuambia? Basi kilikunywa na hilo. Mmechemsha heshima pamoja na mtu."

Mwanaidi hakucheka. Alirudi kwenye vile vidoti vyekundu, akavitazama kwa namna nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe huku alisahau kulalamikia baridi.

*

Kulikuwa na picha ya siku ya kwanza. Ni kawaida ya masanduku hayo kujipiga picha usiku, kila kitu kilivyo, ili kikiharibika kirudishwe. Mwanaidi akamrudisha Atupele kutoka kwenye picha ile, mzima, na Tumpe akakimbilia chumba cha nyuma. Walizungumza. Atupele alimwita kwa jina, akamwuliza kuhusu jino linalolegea, wakacheka. Kisha Ambakisye, ambaye hakujua lolote, akapiga chafya sebuleni, chafya yake ileile ya kutikisa vikombe, na kule nyuma sentensi ikakatika katikati.

"Nikimrudisha mara mia atakimbia mara mia," Mwanaidi alisema. "Tunachagua. Njia ya kwanza, tunavunja kioo: diski moja ya mzee, moja ya mama. Hawaonani. Lakini kila mmoja amebaki na uhai mmoja, na kwa unyevu wa huku diski haizeeki vizuri. Njia ya pili, mmoja ahame kabisa. Diski mpya hazijaingia nchini tangu mwaka wa kimbunga. Ninayo moja kuukuu, nimeitoa kwenye redio ya baa iliyofungwa. Inagongagonga. Atakayekaa humo, siku ikisimama, basi."

"Na ya tatu? Uso wako una ya tatu."

"Ya tatu ndiyo rahisi. Heshima yenyewe naiona ilipo. Ni kipande kidogo. Nakitoa kama mtu anavyochambua jiwe kwenye mchele. Wanabaki wote, kioo kinabaki, hakuna anayekimbia."

Sekela alimpigia kwanza mwanawe Lusajo, aliyekuwa Makete kwenye mitambo ya upepo. Upepo ulisikika kuliko yeye.

"Mama, mmoja ni baba yangu, mwingine mke wangu. Usinichagulishe."

"Nani amekuchagulisha? Nimepiga ujue kwamba mimi ninachagua."

Upepo ukajibu kwa niaba ya Lusajo.

"Mjaribu," Sekela akamwambia fundi. "Lakini usimguse yeye. Fanya nakala, umkate huyo."

Fundi akamlaza mzee asisikie, Sekela akafunua kinasa sauti, na kazi ikachukua muda wa chungu cha maharage kuiva. Halafu spika ya sebuleni, spika ya Ambakisye, ambayo Atupele hajawahi kutokea humo hata siku moja, ikasema kwa sauti kubwa na ya kuchangamka:

"Sekela. Upo?"

Tangu mama yake mzazi afe, hakuna mtu aliyemwita Sekela hivyo, jina tupu kama kuku aliyenyonyolewa.

"Nipo."

"Na Ambakisye yuko wapi? Mbona hapigi chafya? Tumpe, njoo hapa. Unajua ulivyozaliwa? Hawajakwambia hawa." Sauti ikacheka. Ilikuwa ya Atupele, ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno ulikuwepo, ila ilikuwa kama nyumba iliyotolewa milango. "Ulikuja mvua inanyesha. Ambakisye amekaa hapa sebuleni na wageni wake, wanakunywa pombe. Mimi uchungu umenishika chumba cha nyuma. Nikimkuta mbele siwezi kupita, nikipiga kelele atanisikia sauti. Nikauma khanga. Nikatoka kwa nyuma, nikaenda kwenye migomba, nikakuzaa pale kwenye majani, na bibi yako huyu amenishika miguu anasema, jikaze, baba yupo. Jikaze, baba yupo."

Tumpe alicheka, kisha akaacha. Alisogea mpaka bega lake likagusana na la bibi yake.

"Bibi, ni mama. Lakini anaongea kama mtu wa redioni."

"Msinirudishe kule," sauti ikasema, na safari hii haikucheka. "Nasikia mnanong'ona. Miaka yote nilikuwa naishi nimeinama. Huku sioni mlango wa nyuma. Sekela, niambie, nimekukosea nini nikibaki hivi?"

Sekela aliinuka, akamsogelea fundi.

"Mlaze," alimwambia fundi.

"Sekela," sauti iliita. Kisha fundi akagusa kioo, na ukabaki mvumo wa diski peke yake.

*

Mzee alipoamshwa, Sekela alimtoa Tumpe na fundi nje, akawaambia wakaangalie kama mvua inakuja, mvua ambayo kila mtu aliiona imekuja tayari. Akakaa mbele ya rafu.

"Baba Lusajo."

"Nipo. Leo nyumba ina watu wengi, mbona sisalimiwi?"

"Nataka uhame."

"Nihame niende wapi?"

"Kule kwenye kihenge. Nitakuweka juu ya mahindi, ni pakavu. Kuna diski ilikuwa ya baa."

"Baa gani?"

"Unaijua. Uliyokuwa unaniambia hujawahi kuingia."

Ambakisye alifikiri. "Na kioo?"

"Hakuna kioo huko. Diski ni moja, na inagonga."

"Sihami," alisema Ambakisye. "Nyumba hii nimeijenga mimi. Nimefia juu ya paa lake. Ni nani huyo anayehitaji nafasi kiasi cha kumtoa mwenye nyumba akalale na panya?"

Mvua ilianza kupiga mabati. Sekela alingoja ikaze, kwa sababu kuna maneno ambayo ni nafuu yakisemwa kwenye kelele.

"Mke wa Lusajo."

"Si yuko shambani?"

"Amekufa, baba Lusajo. Mwaka uliofuata wako. Mapafu."

Sekela alisikia diski zikizunguka, na chini ya mzunguko ule kitu kama mtu anayekaa chini polepole.

"Mlikuwa mnaniambia yuko shambani."

"Ndiyo."

"Nikawa namsifia."

"Ndiyo."

"Amezikwa vizuri?"

"Vizuri. Watu walijaa."

"Yuko wapi sasa?"

"Yumo humo ulimo."

Sekela akaweka mkono juu ya sanduku, kama anayepima homa. Chuma kilikuwa cha moto.

"Mama Lusajo," alisema Ambakisye, na sauti ilikuwa imeshuka, ya mtu anayeogopa kusikika chumba cha pili. "Mmenilaza chumba kimoja na mke wa mwanangu."

"Sikujua. Nilidhani kuta zipo."

"Kila jioni nacheka humu. Napiga chafya. Na yeye?"

"Alikuwa anakimbia. Kila akikimbia anapungua. Jana alikuwa amemsahau mtoto."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Wamtoe heshima, asikukimbie tena. Tumejaribu kwenye nakala. Ametoka anaongea vizuri kabisa, anakumbuka kila kitu. Amekuita jina."

"Alilijua?"

"Utakaaje nyumba moja na mtu usijue jina lake?"

"Miaka yote sikumsikia akiongea. Nilijua tu vikombe vimewekwa, amepita. Alilitamkaje?"

"Kama la jirani."

Ambakisye alivuta pumzi ambayo hakuwa na haja nayo. "Na alikuwa na furaha?"

"Alikuwa na furaha. Alikuwa pia na hasira. Sikujua kama vinakaa pamoja."

"Nitoe," alisema Ambakisye.

"Hujafikiri. Ile diski ikisimama, ndiyo mwisho. Hakuna kukurudisha."

"Nilishakufa mara moja, sikuona maajabu. Nitoe sasa hivi, usingoje mvua ikatike. Naona aibu kuongea hapa."

"Na mimi jioni nitaongea na nani?"

"Utakuja kihengeni. Una miguu." Kisha, kwa upole ambao hakuwa nao sana alipokuwa hai: "Na siku ikisimama, umwambie Lusajo nilihama. Asije akasikia nilifukuzwa."

*

Walimhamisha mvua ikinyesha, fundi amebeba diski ya baa ndani ya masweta yake kama kifaranga, Sekela anavuta waya, Tumpe ameshika mwavuli ambao haukumfunika yeyote. Juu ya mahindi diski ile iligonga, ikapumzika, ikagonga. Ambakisye hakusema kitu isipokuwa mara moja, alipouliza kama panya ni wengi, na Sekela akamwambia wanatosha.

Walirudi ndani wamelowana. Mwanaidi alifagia bwawa punje kwa punje mpaka pasibaki hata chafya ya mzee, akalikagua mara mbili. Kisha akamrudishia Atupele vyote alivyokuwa amedondosha, kutoka kwenye picha ya siku ya kwanza.

Spika ya chumba cha nyuma ikanong'ona. "Mama. Nani yuko sebuleni?"

"Mimi, na Tumpe, na fundi."

"Na baba?"

"Ametoka. Ana kwake sasa. Hatarudi humu."

Walingoja. Sekela alimwona Tumpe ameuma kidole. Spika ya sebuleni ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kama mtu anayejaribu kitasa cha chumba ambacho miaka yote amekifagia akiwa peke yake na kukikimbia wakija watu.

"Hapa ni pakubwa," alisema Atupele kutoka sebuleni.

Tumpe alianza kuongea na hakumaliza: jino, shairi, mwalimu mwenye kitambi, yote kwa pamoja. Mama yake alimjibu kwa sauti ya chini, polepole, anauliza, anangoja. Sekela aligeukia ukuta, akawa anatafuta kitu kwenye rafu ya vyombo kwa muda mrefu kuliko rafu yenyewe ilivyokuwa na vyombo.

Mwanaidi alimsogelea, akamwonyesha kishikwambi.

"Bado yule wa majaribio. Amelala. Nafasi aliyoiacha mzee inamtosha, lakini ni mtu mmoja mara mbili, bibi. Sijawahi kuona nyumba ya namna hiyo. Nikibonyeza hapa anafutika, wala hatajua."

Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kioo, kinangoja. Sekela alikitazama. Alikuwa amewazika watu wengi, na kila mmoja wao alikuwa amekwisha kufa.

"Usibonyeze," alisema. Akageuka. "Atupele, mwanangu. Tulifanya nakala yako, tukaitoa ile heshima ya kukimbia. Yumo humo, amelala. Alisema maneno hapa."

"Nilimsikia, mama. Nilikuwa kwenye kona, nikamsikia anamsimulia mtoto."

"Alikuwa anasema uongo?"

Sebule ilinyamaza. Tumpe alimtazama bibi yake kwa hofu, na Sekela mwenyewe alidhani ameshamkimbiza tena, safari hii yeye, kwa mdomo wake.

"Hapana, mama," alisema Atupele. "Ni kweli yote. Majani yalikuwa ya baridi."

Sekela alivuta kigoda, akakaa.

"Unataka afutwe?"

"Akifutwa, nani atamwambia Tumpe akikua? Mimi siwezi kuyasema yale. Hata sasa hivi nimesema kidogo tu, na natafuta mlango."

"Mpe chumba," Sekela alimwambia fundi. "Na safari hii ujenge ukuta wa kweli, unisikie. Atoke mwenyewe akitaka, asisukumwe."

Mwanaidi alipangusa pua, akaanza kuandika, akasimama. "Mashine inataka jina la mlangoni, bibi. Nikiandika Atupele itakataa, tayari yupo mmoja. Niandike Atupele wa Pili?"

"Wa pili kwa nani?" Sekela akauliza kwa ukali, na hakuwa na neno bora.

Mvua ilikuwa inapiga, na kutoka kwenye spika ya sebuleni sauti ile ya chini ikasema, bila kuharakisha:

"Mimi niandikeni Mama Tumpe. Jina lenyewe mpeni yeye."